Kuhifadhi Picha za Miguu

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuzitafutia picha za miguu ya watoto mahali pa kukaa ndani ya kompyuta. Nikisema hivyo watu hucheka. Wacha wacheke. Mguu mmoja katika ile miguu ulikuwa wa binti yangu, na wa pili pia.

Alizaliwa nyayo zake zikitazamana kama wanawake wawili wanaosengenya. Baba yake alimwangalia mara moja, akasema kwao hakuna mtoto wa namna hiyo, akapata kazi Nakuru ghafla. Nilibaki na cheti cha kidato cha nne, cheti kingine cha kompyuta nilichopata katika chuo kimoja cha ghorofani pale mjini Kisumu, chumba cha kupanga mtaa wa Migosi, na hasira. Hiyo hasira sitaipamba. Niliamka nayo, nikapikia uji juu yake, nikalala nayo. Jirani akiniuliza mtoto anaendeleaje nilimjibu kama vile ameniibia. Kwenye stendi mtu akiinua shuka kumchungulia mtoto miguu, nilimuuliza kama anataka na yangu aione.

Kliniki ya miguu ilikuwa siku moja kwa wiki, katika jengo refu nyuma ya hospitali, upande wa ziwani. Sista aliyeisimamia alikuwa mama wa makamo, mnene, mikono yake mieupe kwa plasta hadi viwikoni. Kazi yake ilikuwa ya uvumilivu: anaushika mguu, anaugeuza kidogo, kidogo tu, anaufunga kwa plasta ili usirudi. Wiki ijayo plasta inatoka, mguu unageuzwa tena kidogo, plasta mpya. Kati ya plasta kutoka na plasta mpya kuingia, mguu unapigwa picha. Kamera yenyewe ilikuwa kubwa kama mkate wa nusu, ilimezeshwa diski ubavuni, na kila ikipiga picha ilinguruma kama mtu anayetafuta kohozi. Wafadhili ndio walioileta, pamoja na kompyuta na maneno mengi.

Siku yangu ya kwanza tulikaa kwenye benchi mpaka watoto wote wakaanza kulia kwa zamu. Niliinuka kwenda kuona kinachotuchelewesha. Sista alikuwa mbele ya kompyuta, anaandika jina la mtoto kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama sindano kwenye majani.

"Sista, toka hapo," nilimwambia.

"Yawa! Wewe ni nani wa kunitoa kwa kiti yangu?"

"Mimi ni mtu anajua kupiga taipu. Shika huyu mtoto."

Sijui kwa nini alimshika. Labda kwa sababu nilikuwa nimeshamweka mapajani mwake. Nikaketi, nikayaandika majina ya benchi lote kabla yeye hajamaliza kuniambia nilivyokosa adabu. Mlango wa ndani ukafunguka, bwana mmoja mwembamba mwenye kofia ya mviringo akasimama akicheka.

"Sista, huyu umempata wapi?"

"Amejileta. Mwenyewe. Kama upepo."

"Basi usimrudishe," alisema.

Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Yule bwana ndiye aliyekuwa akiitengeneza programu ya kliniki. Alikuwa mzaliwa wa Kisumu, mtaa wa Kaloleni, lakini babu yake alikuja kutoka pwani enzi za reli, na nyumbani kwao Kiswahili hakijawahi kuchakaa. Sista alimwita Mswahili, na yeye akaitika. Alikuwa amesomea mambo ya kompyuta ng'ambo, akarudi, na angeweza kukaa Nairobi akalipwa vizuri, lakini mama yake alikuwa mzee. Hakusema zaidi na sikumuuliza. Alinipa meza, akanipa boksi tupu la skrini niliweke chini ya meza, nikatandika ndani yake, na humo ndimo binti yangu alimolala nikifanya kazi, miguu ya plasta ikichungulia juu kama vikombe viwili.

Chuoni nilifundishwa kuandika programu za majedwali: safu hapa, mistari pale, kila kitu kinakaa kwenye kisanduku chake. Bwana wa Kaloleni hakutaka majedwali. Alisema, "Dada, sahau majedwali. Hapa tunahifadhi vitu." Na vitu hivyo alivipa majina ya Kiswahili, hata kwenye programu, ili siku akiondoka asije mtu akasema haelewi. Kulikuwa na Mtoto. Mtoto alikuwa na Ziara nyingi, yaani kila siku aliyokuja kliniki, na tarehe yake. Na kila Ziara ilikuwa na Kiambatisho, ambacho ndicho kilichobeba picha ya mguu: jina la faili, aina yake, ukubwa wake, na picha yenyewe. Ukimhifadhi Mtoto, vyote vilivyoshikamana naye vinaingia ghalani, yaani kwenye hifadhi ya kompyuta, pamoja naye, kama mama anayevuka mto na mtoto mgongoni. Huhitaji kumwambia mtoto naye avuke.

Nilipenda hilo. Kwa mtu kama mimi, ambaye ofisi za hospitali zilikuwa zimeshampotezea kadi na bahasha na kumwambia aanze upya kama vile mtoto naye angezaliwa upya, nilipenda kwamba kuna mahali ambapo picha haiwezi kutengana na mwenyewe. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ikiwa tumeandika vizuri."

Mwanzoni hatukuwa tumeandika vizuri. Kiambatisho cha kwanza hakikubeba picha. Kilibeba njia tu ya kufika kwenye picha, mahali ilipolala kwenye mashine, kama kumwelekeza mtu nyumba: pita duka la unga, kata kushoto. Halafu mtu akahamisha folda, na kila Mtoto tuliyemfungua akatuelekeza kwenye nyumba ambayo haipo. Tulizitafuta zile picha tukazipata, lakini bwana wa Kaloleni aliudhika nafsini. Akasema sasa picha yenyewe itaingia ndani ya Kiambatisho, nukta kwa nukta, na hakuna kuelekezana tena.

Kwa hiyo aliandika programu ndogo ya kuhamisha. Mimi nilikuwa nimeshazipanga picha zote kwa namba ya mtoto na siku ya ziara. Programu yake ilimchukua mtoto mmoja, ikazipitia picha zake kuanzia ya karibuni kurudi nyuma, ikaijaza kila picha kwenye Kiambatisho, ikakifunga kwenye Ziara yake, ikaenda kwa mtoto mwingine. Aliijaribu kwa mtoto mmoja mgeni mwenye picha moja. Ikafanya kazi. Akaiachia iwapitie watoto wote, tukaenda kula samaki. Tuliporudi ilikuwa imemaliza bila kulalamika, na kwa kuwa mashine ilikuwa ndogo na imejaa, tukaifuta ile folda ya zamani. Picha zilikuwa zimeingia ghalani. Za nini tena huko nje?

Zilibaki nakala kwenye diski za kamera tu, na hizo Sista alikuwa ameshaagizwa azifute ili zitumike tena. Hapo ndipo mimi na yeye tulipokuwa tukigombana. Kila wiki alikuja kuniomba diski mpya.

"Hii imeharibika. Leta ingine."

"Sista, diski gani zinaharibika kila wiki? Unazikaanga?"

"Mama, mimi nakuuliza maziwa ya mtoto wako inaenda wapi? Leta diski."

Nilimwambia bwana wa Kaloleni kwamba Sista anauza diski zetu sokoni Kondele. Akasema, "Kondele nani ananunua picha ya kisigino?" Nikanyamaza, lakini roho haikunyamaza.

Halafu akaja daktari.

Alikuja kutoka Nairobi kila baada ya miezi kadhaa, daktari wa kupasua. Mtu wa haraka lakini hakuwa na dharau. Alivua koti, akaomba chai, akaketi karibu yangu mbele ya skrini. Kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kuamua: mtoto gani anaendelea na plasta, na mtoto gani anawekwa kwenye orodha ya kisu. Sikuwa mgeni wa hilo jambo. Nilikuwa nimemuona mtoto mmoja wa jirani yetu wa benchi aliyepasuliwa: mguu ulinyooka, lakini ulikuwa mgumu kama mwiko, na kovu lilimzunguka kisigino. Mama yake alishukuru. Mimi nilimuomba Mungu asinipe shukrani ya namna hiyo.

Daktari alinieleza hesabu yake, na ilikuwa ya haki. Mguu uliopinda bado si shida. Shida ni mguu usiokwenda. Kama unaenda, hata kwa mwendo wa kinyonga, plasta iendelee. Kama umesimama, plasta inampotezea mtoto wakati na mifupa inakomaa vibaya. Na huwezi kujua kama mguu unaenda kwa kuutazama leo. Unajua kwa kuutazama leo na jana na juzi. Ndiyo maana picha.

Alianza na watoto wa mwanzo wa foleni. Nilimfungua wa kwanza kwenye skrini, na wa kwanza alikuwa wangu.

Alibonyeza ziara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Akaenda mbele mpaka wiki iliyopita. Akashusha pumzi.

"Huyu haendi," alisema. "Angalia. Mguu ni ule ule toka mwanzo. Mwandike."

Mikono yangu ilibaki juu ya kibodi.

"Daktari, huyu ni wangu."

Aligeuka akaniangalia, akamwangalia na yule aliyelala kwenye boksi. "Pole, mama. Pole sana. Lakini tazama mwenyewe."

Nikatazama. Alisema kweli. Tarehe zilibadilika, miguu haikubadilika. Nyayo zile zile zikisengenyana, kisigino kile kile kimejificha. Na mimi kila wiki plasta ikitoka nilikuwa nimeona kitu kingine. Nilikuwa nimeona dole gumba limeanza kutazama mbele. Nilikuwa nimemwambia mama yangu. Kwa dakika hiyo nilifikiri: basi ni macho ya mama. Nimejidanganya mwenyewe, nikadanganya na watu, na huyu mtu amekuja na kipande cha kioo kuniambia ukweli. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia ile skrini. Nilitaka kuipiga ngumi.

Badala yake nilibonyeza kurudi nyuma, ziara moja moja, kwa ukali, kama mtu anayetafuta ugomvi. Na ndipo nikaiona leso.

Kwenye picha alikuwa amelazwa juu ya leso yenye pindo jekundu na maua ya manjano. Kwenye picha ya kwanza, sawa. Ni leso yangu, nilikwenda nayo siku ya kwanza. Lakini usiku wa siku ile ile iliangukia jiko, ikaungua katikati, na kesho yake nikairarua vipande vya nepi. Leso hiyo haikufika ziara ya pili. Haikuwepo tena duniani. Na hapa ilikuwa imetandikwa wiki iliyopita, nzima, maua yake yote yamekaa.

"Hii ni uongo," nilisema.

"Mama, najua ni ngumu—"

"Sikuambii ni ngumu. Nakuambia ni uongo. Leso hii niliirarua nepi."

Daktari akaniangalia kama ambavyo angemwangalia mtu yeyote anayemjibu habari za kupasua kwa habari za nepi. Niliinuka, nikafungua mlango wa ndani kwa teke.

"Wewe! Kuja uone mashine yako inamkata mtoto wangu miguu!"

Bwana wa Kaloleni alikuja. Hapa ndipo ninapomshukuru mtu ambaye wakati ule sikumpa hata salamu. Hakuniambia nitulie. Hakumtazama daktari kwa yale macho ambayo wanaume hutazamana mwanamke akipiga kelele. Aliniuliza, "Leso ilirarulika lini?" Nikamwambia. Akavuta kiti, akaniomba nifungue mtoto mwingine. Miguu ile ile ziara zote. Mwingine. Ile ile. Kila mtoto alikuwa amesimama kwenye siku yake ya kwanza kama saa iliyokufa. Akafungua ile programu yake ya kuhamisha, akaisoma polepole, midomo ikitikisika, halafu akavua kofia akaishika mkononi.

"Astaghafirullah," alisema. "Ni mimi."

Daktari aliuliza ni nini. Bwana akaeleza, lakini kwa maneno ya watu waliosoma ng'ambo, na nilimuona daktari akipotea. Mimi sikupotea. Niliuona mstari. Kwa kila mtoto, juu ya duara la kupitia picha, ile sehemu inayojirudia kwa kila picha, alikuwa ameumba Kiambatisho kimoja. Kimoja tu. Halafu ndani ya duara alikijaza picha, akakifunga kwenye Ziara, akarudi, akakijaza tena kile kile.

"Ni gorogoro," nilisema.

"Gorogoro gani?" daktari aliuliza.

"Daktari, umewahi kununua omena, hawa dagaa wa ziwani, sokoni? Mama ana gorogoro moja ya kupimia. Anapima, anamwaga kwa karatasi yako, unaenda. Anapima tena, anamwaga kwa karatasi ya mwingine. Sasa huyu bwana hakumwaga. Aliwapa wateja wote gorogoro lile lile walishike, na yeye anaendelea kulijaza. Kila mtu anadhani ana omena yake. Wote wameshika kitu kimoja, na ndani mna kilichomiminwa mwisho."

"Na kilichomiminwa mwisho ni picha ya siku ya kwanza," bwana alisema, "kwa sababu nilitoka mbele nikirudi nyuma."

Daktari aliuweka mkono juu ya orodha yake ambayo ilikuwa bado haina jina hata moja. "Ningewapasua wote," alisema, polepole, akijiambia mwenyewe.

Dawa ya kosa ilikuwa ndogo mpaka inaudhi. Ni kuushusha ule mstari wa kuumba uingie ndani ya duara, ili kila picha ipate Kiambatisho chake kipya. Bwana aliniachia kibodi niushushe mimi. Nilikata mstari, nikaubandika chini. Hapo hapo nikaona kwamba dawa imepatikana na mgonjwa ameshazikwa. Folda ya zamani tuliifuta. Ndani ya ghala, kila mtoto alikuwa na picha moja tu ya kweli. Na diski za kamera—

"Sista alifuta diski," nilisema. Sikupiga kelele. Sauti ilikuwa imeisha.

Sista alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, mikono yake mieupe, plasta ikimkaukia.

"Nani amesema nimefuta?"

"Si uliambiwa ufute?"

"Niliambiwa." Aliangalia chini, halafu akainua kidevu. "Sasa mnataka kunicheka mbele ya daktari?"

"Sista," bwana alimwambia kwa upole, "hakuna anayekucheka. Diski ziko wapi?"

"Huko kwetu kitu ya mtoto mgonjwa haitupwi. Kitovu ikianguka, inazikwa vizuri, nyumbani, si kutupa ovyo. Kitu imetoka kwa mwili ya mtoto, na mtoto bado hajapona, halafu mimi nibonyeze kifuto, ipotee tu hewani? Wololo! Mikono ilikataa. Nilisema hawa watu wa kompyuta hawana mama. Nikaziweka."

"Ukaniambia zimeharibika!" nilisema.

"Ningekuambia nini? Wewe na huo mdomo wako?"

Zilikuwa kwenye katoni ya plasta, chini ya sinki, zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kila moja ina kipande cha utepe wa plasta na siku ya kliniki imeandikwa kwa kalamu. Kila siku ya kliniki, diski zake. Hakuwa ameuza hata moja Kondele. Daktari alipoiona ile katoni alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu barabarani.

Tuliziingiza mchana kutwa. Mimi nilizitaja namba, bwana alizisoma diski, na daktari, ambaye angeweza kwenda kulala hotelini, alikaa akitupa majina ya watoto anaowahitaji kwanza. Baadhi ya diski zilikuwa zimepata unyevu wa sinki na zikakataa kusomeka. Wadudu wa ziwani waliingia dirishani wakafa juu ya skrini na Sista akawa anawafagia kwa kadi ya kliniki. Umeme ulikatika mara moja na bwana akasoma dua mpaka ukarudi. Tulipomaliza, kabla ya kuamini chochote, nilimlazimisha afungue mtoto wangu na kuhesabu leso.

Kila ziara na leso yake. Ile ya pindo jekundu, mara moja tu. Halafu ya kuazima ya bluu. Halafu shuka. Halafu ile ya mama yangu. Na juu ya leso zote hizo, miguu ikienda. Inaenda kama jongoo, lakini inaenda: kisigino kikitokeza, nyayo zikiachana, na lile dole gumba langu, ambalo nilidhani ni macho ya mama, likigeuka likitazama mbele.

Daktari alizipitia mara mbili. Kwenda na kurudi.

"Huyu anaenda," alisema. "Mguu wa kulia unaenda vizuri. Wa kushoto ni mkaidi, lakini unaenda. Aendelee na plasta. Nikirudi nitamtazama tena."

Wengine siku hiyo waliwekwa kwenye orodha ya kisu, kwa sababu miguu yao kweli ilikuwa imesimama, na mama zao nilikaa nao benchi nikawaeleza, kwa sababu daktari alikuwa na haraka. Nilikuwa sijui kueleza kitu bila kufoka. Nilijifunza siku hiyo.

Sasa nimefika penye shukrani, na watu wanategemea nitaje Mungu kwanza. Mungu namshukuru. Lakini nataka kuandika wazi kwamba namshukuru pia mtu aliyesema "ni mimi" mbele ya daktari wakati angeweza kusema mashine imeharibika, na hakuna hata mmoja wetu ambaye angejua. Nimefanya kazi hii miaka sasa, na nimewaona wasomi wakubwa kuliko yeye wakiilaumu mashine, umeme, karani. Yeye alivua kofia. Kesho yake alinipa programu yote niisome mstari kwa mstari nimwonyeshe penye gorogoro jingine, akaniambia kuanzia leo hakuna kitakachoingia ghalani kabla mimi sijakijaribu kwa mtoto mwenye picha nyingi. Kile nilichokuwa nikipewa kilianza mwezi huo kuitwa mshahara.

Na namshukuru Sista, ambaye sikumwambia asante ipasavyo kwa sababu hakunipa nafasi. Jioni hiyo, daktari ameshaondoka, nilimfuata kwenye chumba cha plasta. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya asante, kwa Kijaluo chake.

"Sista, ero kamano—"

"Yako nitasikia baadaye. Mtoto amekaa bila plasta tangu saa nne, unataka mguu urudi ilikotoka? Mlete hapa."

Nilimlaza mezani. Alilia kama anauawa. Alikuwa na njaa na alikuwa amechoka nasi sote. Sista aliloweka bendeji, akaushika mguu wa kushoto, ule mkaidi, akautafuta mahali pake kwa vidole kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio. Akaugeuza. Kidogo.

"Shika goti," alisema.

Nikashika.

"Usibane. Shika tu."

Alizungusha bendeji, tabaka juu ya tabaka, akilainisha kwa kiganja, akimwimbia mtoto kitu kwa Kijaluo ambacho hakikuwa na maneno mengi. Mimi nilikuwa nalia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini sikuweza kufuta machozi, yakaangukia kwenye plasta bichi.

"Utaharibu plasta yangu na hiyo chumvi," Sista alisema. "Inua uso. Usiachilie."

Sikuachilia. Plasta ilianza kukauka, na kama inavyofanya ikikauka, ikapata joto lake yenyewe, ikapanda polepole mpaka kwenye viganja vyangu. Mtoto aliisikia pia. Akanyamaza, akaanza kutafuta titi kwa mdomo, na Sista akasema bado, mama, bado kidogo, ngoja ishike.